Maziwa ya Kwetu, Samaki wa Sondu: Makaroni ya Kuoka Nyumbani

(Haya ni mazungumzo tuliyoyafanya na vikundi vya kujisaidia vya Sigowet. Tumeyaandika hapa ili na wale ambao hawakufika siku hiyo wayapate na wayajadili kikundini.)



Leo hatukuja na habari ya mikopo wala ya katiba ya kikundi. Tumekuja na sufuria. Tunataka tuzungumze juu ya chakula kimoja ambacho wengi wenu mtasema ni cha hoteli: makaroni ya kuoka, yenye samaki na jibini. Tunajua wengine tayari wanacheka. Chekeni tu, lakini mtusikilize mpaka mwisho, kwa maana jambo lenyewe si makaroni. Jambo lenyewe ni maziwa yetu na watoto wetu.

Mnajua jinsi mambo yanavyokuwa mvua ndefu ikianza. Nyasi ni nyingi, ng'ombe wanajaza ndoo, bei ya maziwa inashuka. Barabara inakuwa matope na pikipiki ya maziwa haipandi. Maziwa ya asubuhi yanauzwa kwa bahati, ya jioni hayana mtu. Tumeingia katika nyumba ambamo maziwa ya jioni yalipewa mbwa, na mtoto wa miaka miwili akalala na ugali na maji ya sukuma wiki. Hatusemi hivi ili kumlaumu mtu. Tumezoea kuona maziwa kama pesa, na siku ambayo si pesa tunaona hayana kazi.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Walikuwa na sotet na mkaa wa senetwet, wakatengeneza mursik, na maziwa ya wakati wa wingi yakaliwa siku nyingi baadaye. Jibini nayo ni njia nyingine ya kufanya kazi ile ile. Kwa hiyo msiiogope.

Daftari lililotoka Ghuba

Katika kikundi kimoja cha huku juu kwenye majani chai yuko dada aliyefanya kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba kwa miaka minne. Alirudi na daftari la mapishi. Siku ya kikundi alituambia atatufundisha chakula ambacho mama wa nyumba ile alikuwa akipikia wageni. Akasoma: kamba wa bahari, nyama ya kaa, jibini aina mbili, krimu, makaroni, na oveni. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, “Sasa sisi tutaleta nini, maji?”

Tulikaribia kufunga daftari. Lakini tukajiuliza, chakula hiki kilianzaje? Makaroni yametoka Italia. Wasomali waliyazoea tangu utawala wa Waitaliano, na mpaka leo wanayapika kwa njia yao. Ndugu zetu wa Pwani nao wana tambi zao, wanazipika kwa sukari na nazi. Kule Marekani watu waliyachanganya na jibini, na mwaka 1937 kampuni ya Kraft ilianza kuyauza ndani ya boksi. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya kazi na pesa. Watu waliyanunua kwa sababu boksi moja liliweza kulisha nyumba kwa pesa kidogo. Na wale wa karibu na bahari waliongeza kamba na kaa kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu nao.

Kumbe ni hivyo! Ni chakula cha watu waliotia kilichokuwa karibu. Basi nasi tukauliza: kilicho karibu nasi ni nini? Maziwa tunayo. Mayai tunayo. Na samaki wako hapo chini, Sondu.

Habari ya Sondu

Hapo kwenye neno Sondu, watu walinyamaza. Mnajua wenyewe sababu. Mwaka 1992 damu ilimwagika katika mpaka huu wetu, na mwaka 2023 watu walikufa tena na nyumba zikachomwa. Baada ya hapo wengi wetu tuliacha kuteremka sokoni. Tulinunua vitu vyetu mahali pengine, kwa bei kubwa zaidi, na tukasema ni sawa tu.

Katika kikundi hicho akina mama watano walikuwa na deni la omena. Mama mmoja Mjaluo wa pale sokoni alikuwa akiwapa kwa kuandika, wanalipa bonasi ya chai ikitoka. Vita vilipotokea hawakurudi, na deni likabaki katika daftari lake. Mmoja wao alisema mbele ya kikundi, “Hatuwezi kwenda kutafuta samaki wa kupikia sherehe na hatujalipa wale tuliokula.” Maneno hayo yalitugusa sisi sote.

Wakachanga. Wawili wakateremka na pesa ya deni na lita tatu za maziwa. Mama yule aliwatazama kwa muda mrefu kabla ya kusalimia. Alihesabu pesa, akafuta majina matano, kisha akawaketisha. Akawaonyesha jinsi ya kuchagua samaki: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Akawaonyesha jinsi ya kusafisha omena. Wakamwomba apande Sigowet siku ya mapishi. Alisema hapana, watoto wake bado wanaogopa. Hakupanda mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu alipanda.

Tunawaambia haya kwa sababu kuna wanaosema amani ni kazi ya machifu na wazee wa kamati. Ni kweli, wana kazi yao. Lakini deni la omena hakuna chifu atakayekulipia.

Tulivyokosea

Mara ya kwanza chakula kilituharibikia kabisa. Tunawaeleza makosa yetu ili ninyi msiyarudie.

Kosa la kwanza: tulichemsha makaroni mpaka yakalainika kabisa, kisha tukayaoka. Yakawa uji. Makaroni ya kuoka yatolewe majini yakiwa bado yana ugumu kidogo katikati, kama dakika mbili kabla ya kuiva.

Kosa la pili: tulimimina maziwa baridi yote mara moja juu ya unga. Tukapata madonge.

Kosa la tatu: tulitengeneza jibini kwa limau, tukaipanga juu tukingoja iyeyuke kama ile ya daftari. Haikuyeyuka. Ilikauka ikawa kama vipande vya sabuni. Baadaye tukaelewa: jibini iliyogandishwa kwa limau au siki haiyeyuki hata ukiiwekea moto namna gani. Ile inayoyeyuka inagandishwa kwa dawa maalum ya jibini, na inakaa muda kabla ya kuliwa. Hiyo ya limau si mbaya, ila mahali pake ni ndani, ikiwa imevurugwa. Juu tutaweka kitu kingine.

Mapishi yenyewe

Hiki ni chakula cha watu wanane hadi kumi.

Jibini. Chukua lita tatu za maziwa mabichi, uchuje, uyachemshe vizuri mpaka yafoke, huku ukikoroga yasishike chini. Epua, ngoja dakika mbili. Tia maji ya limau vijiko vikubwa sita, kidogo kidogo, ukikoroga polepole. Maziwa yatakatika, maji ya rangi ya kijani-njano yatajitenga. Yasipokatika, ongeza limau kidogo. Mimina katika kitambaa safi kilichochemshwa, suuza kwa maji safi, funga na utundike nusu saa. Utapata karibu nusu kilo. Maji yaliyobaki usiyamwage. Pikia uji au ugali, au mpe nguruwe.

Samaki. Nusu kilo ya mnofu wa sangara, au ngege wawili wa kiasi. Chemsha kwa maji kidogo, chumvi na kitunguu kwa dakika nane au kumi, kisha nyambua kwa vidole na utoe miiba yote. Ukiwa huna pesa ya samaki mkubwa, tumia vikombe viwili vya omena waliokauka. Toa vichwa, loweka katika maji ya moto, osha mara tatu au nne mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga mpaka wakauke vizuri, kisha watwange kidogo. Omena wana faida kubwa kwa sababu wanaliwa na mifupa yao. Mtoto anapata madini ya kujenga mifupa na damu. Wako pia uduvi wadogo wa ziwani, ambao Wajaluo wanawaita ochonga. Hao mara nyingi wanauzwa kuwa chakula cha kuku na wanaanikwa mchangani. Msiwatie katika sufuria ya watu.

Mchuzi mweupe. Yeyusha vijiko vikubwa vinne vya siagi kwa moto mdogo. Tia vijiko vikubwa vitano vya unga wa ngano, koroga dakika mbili bila kuunguza. Pasha moto lita moja ya maziwa, uyatie kidogo kidogo ukikoroga bila kupumzika, mpaka mchuzi uwe kama uji mwepesi. Tia chumvi, pilipili manga, na kitunguu kilichokaangwa. Epua, upoe kidogo, kisha tia mayai mawili yaliyopigwa na ile jibini iliyovurugwa.

Kuchanganya. Chemsha nusu kilo ya makaroni kama tulivyosema, chuja. Changanya na mchuzi na samaki. Unaweza kutia managu au isagek zilizochemshwa na kukatwakatwa, au karoti. Paka siagi sufuria ndogo au bati la kuokea, mimina. Juu nyunyiza kikombe kimoja cha makombo ya mkate mkavu yaliyochanganywa na siagi kidogo. Hayo ndiyo yatakayokuwa ya rangi ya dhahabu. Kama umepata kipande kidogo cha jibini ya dukani, ikwaruze hapo juu. Kama hujapata, usihuzunike.

Oveni ya sufuria. Tafuta sufuria kubwa iliyochakaa, si ile nzuri ya nyumba. Tia mchanga mkavu wa vidole viwili chini, weka mawe matatu madogo, funika, uipashe moto kwa robo saa. Weka bati lako juu ya mawe, lisiguse mchanga. Funika kwa mfuniko wa bapa au karai, na juu yake weka makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 25 hadi 30 fungua. Ukiona pembeni panafoka na juu pamekuwa rangi ya dhahabu, kimeiva. Acha kipumzike dakika kumi kabla ya kukata.

Tahadhari. Jiko la makaa liwe nje au mahali penye hewa. Usiliwashe katika nyumba iliyofungwa, kwa maana hewa yake inaua bila harufu. Maziwa yachemshwe daima, kwa sababu ng'ombe anaweza kutupa ugonjwa wa brusela. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Mkubwa zaidi apondewe, na mkague miiba tena. Kama kuna mtu anayevimba au kuwashwa akila samaki, apikiwe kando. Kilichobaki kiliwe kesho yake, kimepashwa moto mpaka katikati. Kama huna friji na kuna joto, ni heri kiishe siku hiyo hiyo.

Kogo alituuliza swali

Sasa tuungame kosa kubwa zaidi, nalo ni letu sisi wafanyakazi wa jamii. Chakula kilipofanikiwa mara ya tatu, tuliona pesa. Tukawaambia akina mama wapike wauze siku ya wazazi shuleni. Walipika, sahani ziliisha. Tukahesabu: pesa zilizoingia, tukatoa makaroni, samaki, siagi na mkate. Ilibaki faida nzuri, watu wakapiga makofi.

Kogo mmoja alikuwa ameketi pembeni. Akauliza, “Na maziwa mliyanunua kwa nani?” Tukajibu, “Ni ya kwetu.” Akauliza, “Na mayai? Na makaa? Na hawa watatu ambao hawakuchuma majani chai siku mbili?” Hatukuwa na jibu. Tulirudia hesabu, tukaandika kila kitu kwa bei ya siku ile. Ile faida nzuri ikawa karibu bure. Na jambo lililotuuma zaidi: maziwa yaliyokwenda katika sahani za kuuza yalitoka katika vikombe vya watoto wa kikundi.

Tangu hapo kikundi kilipatana hivi. Wakati wa maziwa mengi, kila nyumba inapika yenyewe, na watoto wanakula kwanza. Kuuza ni kwa kuagizwa tu, mtu akitanguliza pesa, na kila kitu cha nyumbani kinaandikwa kama kimenunuliwa. Mtu akituletea wazo la biashara sasa, hata kama ni sisi, tunamtafuta kogo kwanza.

Tuseme na hili wazi. Katika chakula hiki makaroni ndiyo kitu kidogo. Ni ngano tu, ya kushibisha. Nguvu iko katika maziwa, samaki na mayai. Kwa hiyo usiuze maziwa ili ununue makaroni! Pakiti ikikosekana, tumia viazi vilivyochemshwa na kukatwa, au ndizi mbichi zilizochemshwa. Mchuzi ni ule ule, oveni ni ile ile. Tumejaribu kwa viazi, na wazee wengine walipenda hivyo zaidi.

Na kuhusu wazee: wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambazo samaki hakuliwa. Msilazimishane. Mzee mmoja alikula sahani mbili kabla ya kuuliza ni nyama gani. Tulipomwambia alinyamaza, kisha akasema, “Basi msiniambie siku nyingine.” Sisi tunadhani ni heri kumwambia mtu mapema, lakini tulicheka. Na kwa nyumba za Kikatoliki, Ijumaa za Kwaresima mkijiuliza mle nini badala ya nyama, jibu ndilo hili.

Maneno ya mwisho

Yule dada wa daftari alituambia kwamba kule alikokuwa, alipika chakula hiki mara nyingi lakini hakuwahi kukaa mezani kukila. Alikula kilichobaki, akiwa amesimama jikoni. Mara ya kwanza kukila ameketi, na watoto wake wakiwa kando yake, ilikuwa hapa Sigowet, katika sahani ya plastiki. Hatuna la kuongeza juu ya hapo.

Tunaviomba vikundi mambo matatu. Moja, kabla ya mvua ndefu kila kikundi kiwe na sufuria moja ya kuokea na kitambaa cha jibini. Mbili, kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano iweke kando kikombe cha mtoto kabla ya kupima maziwa ya kuuza. Tatu, kama kuna deni lako lililobaki upande ule mwingine wa mpaka, dogo au kubwa, teremka ukalilipe.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Maziwa ya jioni wakati wa mvua yanakwenda wapi katika nyumba zetu?
2. Katika biashara ya kikundi chetu, ni vitu gani vya nyumbani ambavyo hatuviandiki katika hesabu?
3. Ni nani tuliyekuwa tukifanya naye biashara kabla ya mwaka 2023 na sasa hatuonani? Nani atakwenda kwanza?